Kiwiko cha Ova Nne

Watu wa kwetu Uvira, Congo, wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani miaka ile yote ng'ambo ya mpaka, nawajibu: nilikuwa mchezaji wa kriketi wa kulipwa. Hapo maongezi hufa. Jirani mmoja, aliyesoma Kifaransa kunishinda, aliniuliza kwa heshima kabisa kama nilikuwa nalipwa kukimbiza nzige, maana kwa Kifaransa neno hilohilo ni nzige.

Basi naeleza. Kuna vijiti vitatu vimesimikwa chini. Mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe ili avibomoe, mwingine anavilinda kwa ubao, na akiupiga mpira mbali anakimbia kutafuta mikimbio, ndiyo alama zenyewe. Mipira sita ni ova moja. Mchezo wetu ulikuwa ule mfupi, ova ishirini kila upande, na mrushaji haruhusiwi kurusha zaidi ya ova nne. Timu huwa na watu wanaolipwa kwa kurusha na wengine wanaolipwa kwa kupiga. Mimi nililipwa kwa vyote viwili. Mtu wa namna hiyo anapendwa sana na wenye timu, kwa sababu anakula sahani moja na kufanya kazi ya watu wawili.

Nilikuwa hodari kupita wote Afrika ya Mashariki. Haya, nusu ya Afrika ya Mashariki. Haya basi, katika timu yangu nilikuwa wa tatu, siku ambazo wa pili ana malaria. Diploma yangu niliipata katika masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu kati ya watu wazima wenye usingizi, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba jambo dogo likielezwa vizuri linakuwa kubwa. Somo hilo nililielewa kuliko hesabu.

Lakini kupiga, kusema kweli, nilipiga kama watu wengine. Kilichofanya timu ziniite ni zile ova nne. Na ova nne zile sikuzipata kwa bidii. Nilizipata kwa kuvunjika mkono.

Nilikuwa bado mtoto, nimepelekwa likizo kwa bibi yangu, mzaa mama, huko Bijombo milimani. Kulikuwa na fahali mchanga ambaye wenzangu walisema hakuna mtu amewahi kumpanda. Nikampanda. Leo nikisimulia nasema nilikaa juu yake mpaka tukavuka mto na kurudi; siku ile nadhani hata matako hayakugusa mgongo vizuri. Niliangukia kiwiko cha mkono wa kulia, na nikasikia sauti kama ya muwa unaovunjwa gotini.

Kule muunga mifupa hafanyi kazi peke yake. Anafanya na kuku. Akishaurudisha mfupa wa mtu mahali pake na kuufunga kwa vijiti vya mwanzi na kamba za mgomba, anakamata kuku, anamvunja mguu, anaufunga vilevile, kwa dawa ileile, siku ileile. Kisha kuku anakabidhiwa mgonjwa, wakae pamoja. Siku kuku anaposimama na kutembea bila kuchechemea, ndiyo siku ya kumfungua mtu. Si kabla, si baada. Mtu anaweza kusema amepona kwa sababu amechoka kulala, au kusema bado anaumwa kwa sababu hataki kulima. Kuku hana sababu.

Wangu alikuwa mwekundu, mwenye shingo isiyo na manyoya, mbaya wa sura. Tulilala kwenye mkeka mmoja. Ningependa kuandika kwamba tulizoeana, lakini alinidonoa mpaka siku ya mwisho, na nadhani alijua vizuri ni kwa ajili ya nani amevunjwa.

Mama alikuwa amepanda mlima kunichukua pale watu wenye bunduki walipofika. Sitasema ni akina nani. Kule juu majina yao hubadilika kila msimu wa mvua, kazi yao haibadiliki. Ilikuwa alfajiri. Nyumba ya kwanza kuwaka ilikuwa ya muunga mifupa. Mama alinishika mkono mzima, bibi akachukua sufuria, tukaingia kwenye migomba. Hakuna aliyekumbuka kuku. Njiani bibi alikaa juu ya jiwe, akasema tutangulie, magoti yake yanataka kupumua kidogo, atatukuta mbele. Hakutukuta.

Tulifika Uvira mkono wangu umefungwa, na sasa hapakuwa na mtu wala kuku wa kutuambia lini ufunguliwe.

Mnaosoma haya mjini mtasema: si mngeufungua tu? Hata muuguzi wa kituo cha afya alisema hivyo. Alikuwa kijana mpole, alishika mkasi.

"Mama, tufungue hii mukono. Inakuwa ilipona zamani."

"Kuku yake uliiona wapi?"

"Kuku gani, mama?"

"Basi. Kama hujui kuku, mukono utaijulia wapi?"

Tukarudi nyumbani Kavimvira, kando ya ziwa. Mama akawa anawaulizia waliokuwa wanapanda Bijombo kutafuta watu wao: mumuone muunga mifupa, mumuulize kama kuku imetembea. Wengine walirudi hawana jibu. Wengine hawakurudi. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja na mama, siku moja alichoka kusikiliza.

"Dada, ile kuku ilishatembea. Inatembea mu tumbo ya basoda ba bunduki, kwa miguu yao."

Mama hakucheka. Kwake yeye kumfungua mtu kabla ya ruhusa ya kuku ni kuuvunja mfupa mara ya pili, na mara ya pili mfupa hauungi tena. Alikuwa ametoka kumpoteza mama yake. Hakuwa tayari kuharibu na mkono wa mtoto. Akangoja. Vifungo vilikuja kuoza vyenyewe vikaanguka, na kilichobaki chini yake kilikuwa mkono mwembamba, umepinda kama wa mtu aliyebeba sinia, na kiwiko hakiendi mbele wala hakirudi nyuma.

Mama aliutazama mkono ule, akauvuta, nikapiga kelele, akauacha. Kesho yake alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakanda kiwiko, akapaka mafuta ya mawese, akauvuta tena, polepole. Na kesho kutwa vilevile. Hakuacha. Habari ya kuku hakuitaja tena.

*

Kriketi niliikuta nyuma ya senyenge. Askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia za bluu, kutoka Asia walikuwa na kambi karibu na ziwa, na siku zao za mapumziko walicheza mchezo ambao sisi watoto wa mtaa tuliuona ni wazimu mtupu. Tulisimama nje tukiwazomea.

"Goli iko wapi? Mumeisahau kwenu?"

Mmoja wao, mpishi wa kambi, mtu wa tumbo kubwa lililomtangulia kila aendako, alikuwa na Kiswahili cha jikoni: chumvi, leta, haraka, moto. Siku moja walipungukiwa mtu, akaninyooshea kidole kupitia senyenge. "Weye. Mukono ya ndoano. Leta."

Nikaingia. Akanipa mpira, akanionyesha: unakimbia kidogo, mkono unazunguka juu ya bega, unaachia. Nikafanya. Mpira uligonga chini, ukataka kwenda kushoto, ukabadili mawazo, ukaenda kulia, ukavunja vijiti vya kamanda wao. Kisha mpishi akaanza kucheka, tumbo likicheka kabla ya mdomo. Kwa mkono ulionyooka mpira hutoka mahali panapojulikana. Wangu ulitoka mahali ambapo macho ya mpigaji hayakuutarajia, na kwa sababu ya mpindo ule kifundo changu cha mkono kiliusokota zaidi ya watu wote. Nimesimulia mara nyingi kwamba mpira wangu wa pili ulizunguka mpaka ukasalimia watu wa Bujumbura. Ukweli ni kwamba wa pili ulimpiga mpishi usoni. Lakini wa kwanza ni kama nilivyosema.

Walinifundisha miaka, kikosi kikiondoka kingine kikija, kila mpishi akimrithisha mwenzake "mukono ya ndoano" pamoja na masufuria. Walinifundisha na kupiga. Walimwaga kipande cha saruji kiwe uwanja. Kisha wakaondoka kabisa, na baadaye ziwa likapanda. Tanganyika ilikuja polepole kama mgeni asiye na aibu: kwanza uani, halafu sebuleni, halafu kitandani. Ilichukua saruji yetu ya kriketi, ikachukua na nyumba yetu ya Kavimvira. Mama akapanga chumba juu mjini, penye mawe, ambapo maji yakitaka kufika itabidi yaombe nauli.

Mpishi wa mwisho alikuwa amenipa salamu za kumpelekea mfanyabiashara mmoja wa vitambaa Bujumbura, mwenye timu. Nikavuka. Kutoka Bujumbura timu nyingine ikanichukua Kampala, na huko ndiko nilikoingia mkataba wa msimu kwa msimu, viatu vya miiba, na shati lenye namba mgongoni.

Watu wanadhani maisha ya mchezaji wa kulipwa ni makofi. Yangu yalikuwa chumba nyuma ya stoo ya marobota ya vitambaa, watu wanne na harufu ya rangi ya nguo. Yalikuwa kukaa kwenye benchi ukiwa na simu ndani ya soksi, kwa sababu nyumbani kunapigwa risasi na hujui ni mtaa gani, halafu kepteni anakuita ukarushe. Mara moja niliangusha wapigaji wawili mfululizo huku sijui kama mama yuko hai. Watazamaji walisema nilikuwa na uso wa chuma. Mtu akiogopa sana uso haufanyi kazi, ndiyo siri yenyewe.

Kepteni wetu alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mwenye sauti ya mwadhini na ulimi wa muuza samaki. Alinipenda kwa hesabu. "Wewe kupiga kwako, wallahi, hata nyanya yangu angepata mikimbio hiyo. Lakini zile ova nne zako, bwana, hizo ndizo zinazonifanya nilale." Na alikuwa akisema kweli: mtu wa kazi mbili akinyang'anywa moja, anayebaki si nusu. Anayebaki ni mchezaji wa kawaida, na wa kawaida wamejaa Kampala, wanakaa kwao, hawahitaji chumba wala nauli ya kutoka Congo.

Kila msimu ulipoisha nilirudi Uvira, na mama alikuwa amenisubiri na sufuria ya maji. Mikono yake ilikuwa mikono ya mwanamke aliyetwanga mihogo maisha yake yote, alipokushika umeshikwa. Alikanda, akapaka mawese, akanishikisha kidumu cha maji nikining'inize ili uzito uuvute mkono. Kwenye ukuta wa nyumba ya zamani alikuwa akichora kwa makaa mahali ncha za vidole vyangu zinapofika nikinyoosha. Ziwa lilipoondoka na ukuta ule, alianza upya kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba akagombana naye bila mafanikio.

"Tazama," angeniambia, "jana ulikuwa hapa. Leo uko hapa."

"Mama, hiyo ni kwa sababu umenisukuma bega."

"Nyamaza weye. Iko inafunguka."

Na ilikuwa inafunguka. Unyoya kwa unyoya. Nilifurahi kwa ajili yake, sikufikiri zaidi. Nani angefikiri zaidi?

*

Ulikuwa mchezo usio na maana yoyote, mvua imetisha kisha ikakataa kunyesha. Nilikuwa katika ova yangu ya pili. Mwamuzi aliyesimama pembeni, mtu mpya, mtulivu, akanyoosha mkono: mpira si halali. Nikadhani nimekanyaga mstari. Nikarusha mwingine, akanyoosha tena. Na tena. Kepteni akamwendea, wakazungumza, akarudi amekunja uso.

"Anasema unatupa. Hurushi, unatupa."

Nieleze, kwa sababu hapo ndipo maisha yangu yaliponing'inia. Sheria haikatazi mkono uliopinda. Inakataza mkono unaonyooka wakati mpira unatoka, kama mtu anayetupa jiwe kumfukuza mbuzi. Kama kiwiko chako kimepinda na kinabaki kimepinda vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho, uko salama, hata uwe umepinda kama jembe. Wakiona kinafunguka kupita kadiri, unasimamishwa kurusha.

Waliniita mbele ya watu watatu wa chama cha kriketi, meza ndefu, chupa za maji. Waliuliza kwa Kiingereza. Kepteni ndiye aliyekuwa ulimi wangu.

"Wanauliza mkono ulipindaje."

Nikamweleza: fahali, muunga mifupa, kuku.

Kepteni alinitazama. "Sikiza. Habari ya kuku siwaambii. Watatufukuza sote wawili."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe."

"Kwani nimesema ni uongo? Mara ngapi umenambia uliupiga mpira ukaanguka Jinja? Leo unaniletea kuku."

Hapo ndipo nilipoona hasara ya kuwa mtu wa maneno mengi. Nikamshika mkono. Nadhani uso wangu ulimwonyesha kitu, kwa sababu aligeuka akawaambia yote, mpaka bibi juu ya jiwe. Hawakucheka. Mzee wa katikati alivua miwani, akaifuta, akasema jambo fupi.

"Anasema anakusikitikia," kepteni akatafsiri, "na kwamba kama kiwiko kimefungwa tangu utoto, kipimo kitasema hivyo, utarudi kurusha. Basi imekwisha hiyo, kaka. Kiwiko chako ni chuma, hakinyooki."

Nilitoka pale nikitembea kama bwana harusi.

Daktari wa kipimo alinibandika vidude vyeupe mkononi, akanirushisha mpira mbele ya kamera mpaka shati likalowa. Kisha akanilaza, akakishika kiwiko, akakivuta taratibu. Nilijua mvuto ule. Macho yangu yalikuwa kwenye dari, lakini mwili ulidhani unajua uko mikononi mwa nani, ukalegea wenyewe, ukafunguka kama ulivyozoeshwa. Daktari akainua nyusi. Akauliza jambo.

"Anauliza," kepteni akasema, na sauti ya mwadhini ilikuwa imeshuka, "nani amekuwa akikunyoosha mkono huu."

Nilikuwa naona alama za makaa zikipanda ukutani.

Daktari alieleza kwa uzuri kabisa, hakuwa mtu mbaya. Mfupa wenyewe haukuganda. Kilichoganda ni nyama na mishipa iliyokaa bila kazi. Kilichofungwa kinaweza kufunguliwa, na mtu fulani, kwa uvumilivu mkubwa, alikuwa anakifungua. Kama tiba, kazi nzuri sana. Kama urushaji, sasa kiwiko kinanyooka kupita sheria inavyoruhusu, kidogo tu, unyoya. Ila alitoa na mlango: kabla ya msimu ujao kutakuwa na kipimo cha pili. Nisikandwe, nisivutwe, nisining'inize kitu. Kiungo kama hiki kikiachwa hujirudi. Ukiwa na bahati, kitakaza tena kiasi cha kutosha.

Msimu ule nilimaliza kama mpigaji tu. Kepteni alikuwa akinitazama kila ova ya mwisho ilipofika, kwa mazoea, kisha anageukia mwingine. Mikimbio yangu ilikuwa ya kawaida. Siku ya kuagana alinishika bega: "Nenda nyumbani usifanye chochote. Kazi rahisi namna hiyo hujapata kupewa. Kaa, kula ugali, ganda. Nitakupigia."

*

Nilimkuta mama amepungua. Kipindupindu kilikuwa kimepita mtaani kwao, kikamchukua yule jirani muuza ndagala, kikamshika na mama kikamwachia, lakini hakikumrudishia vyote. Kifua chake, kilichokula moshi wa kukausha samaki miaka yote, kilikuwa kinapiga filimbi akipanda ngazi tatu za mlango. Biashara ameacha. Siku nzima anakaa mlangoni. Ila mikono ilikuwa ileile, na sufuria ilikuwa jikoni, na chupa ya mawese mpya.

"Leta mukono."

"Leo nimechoka na njia, mama. Kesho."

Kesho nikasema nina homa. Kesho kutwa nikasema nimealikwa mahali. Nilikwenda kukaa Kavimvira nikitazama ziwa lililokaa juu ya nyumba yetu, wavuvi wakipita na mitumbwi mahali palipokuwa pa kitanda changu. Nikirudi, maji yalikuwa yamechemka yakapoa. Majirani waliniambia anayachemsha upya kila asubuhi.

Ningeweza kumwambia. Nimefikiria sana namna ya kumwambia, kwa Kiswahili chote ninachokijua na Kifaransa cha masomo ya jioni. Kila njia iliishia palepale: mama, ule mkono uliodhani umeniharibia ndio ulionilisha, na huu ulioutengeneza ndio ulioninyang'anya kazi. Hakuna namna ya kulisema hilo likawa dogo. Mimi, niliyefundishwa kulikuza kila jambo, sikujua kulipunguza hili.

Siku iliyofuata hakusema leta mukono. Alikaa kwenye kigoda, sufuria mbele yake, mvuke ukimpanda usoni.

"Unakasirika na minye."

"Hapana, mama. Nani amesema?"

"Hautaki nikushike. Nakuona." Akakohoa mpaka nikasimama, akanionyesha kwa kidole nikae. "Njo sababu ya ile kuku."

Tangu vifungo vianguke hakuwa amelitaja neno lile mbele yangu.

"Mama, acha."

"Yule muuguzi alisema tufungue. Alishika mukasi. Minye nilikatala. Nilisema hajui. Batu walikuwa wananicheka na mutaa nzima, mwanamuke anangojea kuku yenye ilishaliwa, na minye nilikuwa najua ilishaliwa. Nilijua. Lakini nilikuwa nasema, kama nafungua na inavunjika, nitamuambia nani? Mama yangu tulimwacha pale kwa jiwe. Nitamuuliza nani?" Alikuwa anatazama maji, si mimi. "Kila siku nakukanda nasema, Mungu, uniache mpaka inyooke. Ikinyooka unaweza kunichukua, haina shida. Sasa weye haunipe mukono. Utaniacha nikufe imepinda?"

Kando ya mlango alama zake za makaa zilikuwa zimepanda na kusimama, na juu ya ile ya mwisho kulikuwa na ukuta mweupe, si mwingi.

Nikiwa na watu wa kunisikiliza huwa nasema nilifikiri saa nzima, uwanja wa Kampala ukinipitia mbele ya macho, makofi, bendera. Hakuna kilichopita. Nilivua shati, nikakaa chini mbele ya kigoda chake, nikampa mkono.

Akachovya kitambaa. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, nikaruka, akanipiga kofi la bega.

"Mukubwa muzima! Na ndevu zote hizi!"

Tuliendelea hivyo mvua zikaja zikapungua. Nguvu zake zilipokuwa kidogo nilimsaidia bila yeye kujua, nikausukuma mkono mwenyewe kutoka upande wangu, kidumu nikakijaza zaidi ya alivyoagiza. Ulifunguka kama mlango wa nyumba ya watu waliohama: kwanza unalia, halafu unaacha kulia. Alipochora alama mpya aliita majirani waione. Nilisimamishwa pale ukutani kama mtoto anayepimwa urefu, wanawake wa mtaa wakipiga vigelegele, na nikachekesha watu, nikasema sasa nitaweza kuchuma nyota na kuwauzia kwa bei ya jamaa.

Kepteni alipiga simu asubuhi, mama akiwa mlangoni anachambua maharage. Nilisogea pembeni ya ua.

"Kipimo ni wiki ijayo," akasema. "Nimeshaliweka jina lako, nimegombana na watu wawili kwa ajili yako. Haya, mkono?"

Niliunyoosha mbele yangu. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ncha za vidole, mwembamba, mzuri.

"Umenyooka."

"Kidogo?"

"Wote."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mpira ukipigwa, mazoezini.

"Si nilikwambia usifanye chochote?"

"Uliniambia."

"Na wewe ukafanya."

"Nilifanya."

"Basi nitamtafuta mwingine," akasema mwishoni, bila hasira. "Msalimie mama."

Nilirudi mlangoni. Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Njo nani?"

"Kepteni wangu. Anakusalimia."

"Anauliza mukono?"

"Anauliza. Nimemuambia imenyooka. Anasema tangu azaliwe hajaona mukono imenyooka namna hiyo, na Kampala nzima haina mwingine."

Akatupa jiwe dogo lililokuwa kati ya maharage. Alikuwa anatabasamu, anajaribu kulificha.

"Umuambie njo minye niliitengeneza."

"Anajua, mama."